Maji ya Kinjikitile: wasomi wamebishana zaidi ya miaka 100, sisi tunamaliza kwa "walidanganywa na mganga"?

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam. Kuna comment nimeiona jukwaa la siasa, mtu anasema Vita ya Majimaji (ile ya kusini dhidi ya Wajerumani, 1905-1907) ilikuwa ni watu waliodanganywa na mganga wa kienyeji kwamba risasi zitageuka maji, wakaisha, kesi imefungwa. Likes kibao. Sasa mimi si mwanahistoria wa kuajiriwa ila hii vita nimeisoma miaka na miaka, nikaona nifungue uzi kabisa maana pale ningejibu kwa mistari miwili ingekuwa kuongeza kelele tu. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite kimya kimya.

Kwa ufupi kwa waliosahau ya darasani. Kinjikitile Ngwale alikuwa mtu wa Ngarambe, kule Umatumbi karibu na bonde la Rufiji. Mwaka 1904 inasimuliwa alipandwa na pepo anaitwa Hongo, akazama kwenye dimbwi, ndugu zake wakamtafuta wakamkosa, kesho yake akatoka nguo zikiwa kavu. Kuanzia hapo watu wakawa wanamiminika Ngarambe kuchukua dawa, ambayo ni maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete wakang'oa mashina ya pamba, ndo vita imeanza hivyo. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro, yaani mwenye dawa kafa vita ina wiki moja hata haijachanganya! Na inasimuliwa kabla ya kunyongwa aliwaambia wazi kwamba mnachelewa, dawa yangu imeshafika Kilosa na Mahenge.

Hapo tu mjiulize, kama ni suala la kumwamini mganga, mganga keshanyongwa hadharani, mbona ndo kwanza vita inasambaa mpaka Ungoni (nchi ya Wangoni, kule Songea) na inaenda mpaka 1907?

Sasa wasomi. Wa kwanza kueleza alikuwa mtawala mwenyewe, Gavana wa Kijerumani von Götzen, alitoa kitabu chake 1909 akiwa ameshaondoka. Kwake yeye ni njama za waganga, ushirikina, watu washenzi walipandishwa mori. Na lazima aseme hivyo bana! Yeye ndo aliyeleta yale mashamba ya pamba ya pamoja kuanzia 1902, ambapo kila kijiji kinapangiwa shamba, watu wanalimishwa siku zao chini ya akida na jumbe (wasimamizi wa Mjerumani vijijini), afu malipo yake ni ya kutukana mtu. Akikubali kwamba chanzo ni pamba na kodi maana yake kajifunga mwenyewe mbele ya Bunge la Berlin. Akisema ni uchawi, hakuna wa kulaumiwa, nani atamlaumu gavana kwa uchawi?

Kwahiyo hiyo comment yenye likes kibao, wakuu, ni utetezi wa Götzen neno kwa neno, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na sababu ya kuusema.

Naendelea chini.

#2

Nimeweka kambi. Shusha nondo mkuu.

#3 Mleta uzi

Kundi la pili ni la Chuo Kikuu Dar miaka ya 60. Nchi imepata uhuru juzi tu, chuo kinataka historia ambayo sio ya magavana. Anakuja Terence Ranger, mzungu aliyefukuzwa Rhodesia 1963, akawa profesa wa kwanza wa historia pale. Wapo na kina John Iliffe, Isaria Kimambo, Arnold Temu, na kijana Gilbert Gwassa ambaye kwangu mimi ndo shujaa wa mada hii, maana alishika njia akaenda Umatumbi kuongea na wazee walioiona vita kwa macho yao. 1968 na 1969 wanafunzi walitumwa kusini na begi na daftari, wakakusanya masimulizi kijiji kwa kijiji.

Hawa hoja yao ilikuwa hivi. Watu wa kusini walikuwa wamegawanyika, koo koo, kila mtu na mzee wake, hakuna mfalme mmoja wa kuwaita vitani. Unawaunganishaje? Jeshi huna, ila unayo imani. Maji yakawa ndo kiapo, ukinywa maji wewe ni mwenzetu, iwe Mmatumbi, Mngindo, Mpogoro, haijalishi. Iliffe aliandika 1967 kuhusu namna dini ilivyofanya kazi ya kupanga watu baada ya lile vuguvugu la mwanzo la wakulima kuishiwa pumzi. Ranger mwaka uliofuata akavuta kamba zaidi, akasema harakati kama hizi zina uhusiano na siasa za uhuru zilizokuja baadae, yaani Majimaji na TANU ni ukoo mmoja. Nyerere naye alishaitaja hii vita Umoja wa Mataifa mwaka 1956, so wazo lilikuwa hewani.

Mliosoma Max Weber, yule mwanasosiolojia, mtaona harufu yake hapa. Weber anasema kuna mamlaka ya mila, kuna mamlaka ya sheria na ofisi, afu kuna ya karama, mtu anafuatwa kwa sababu watu wameona kitu kwake. Kinjikitile anaingia pale kwenye karama kama vile kapimiwa. Na Durkheim naye kwa upande wake, dini ni jamii inajikusanya na kujiona kuwa ni kitu kimoja. Gwassa alisimuliwa kuhusu nyumba kubwa iliyojengwa Ngarambe kwa ajili ya mizimu, watu wanatoka mbali wanakutana pale, mtu ambaye jana alikuwa adui wa kijiji chako leo mmelala naye uwanja mmoja mnasubiri dawa. Ule mkutano wenyewe ulikuwa ni nusu ya dawa.

#4

Mleta mada unaremba. Mimi nimezaliwa Songea, tumekua tunaona lile kaburi la pamoja. Walinyongwa watu zaidi ya 60 siku moja 27 Februari 1906, Nduna (kiongozi wa vita wa Wangoni) Songea Mbano siku chache baadae. Ukikaa unafikiria wale wazee, watoto wa waliotoka kwa Zulu, wanapigana kwa kanuni tangu enzi, leo anakuja mtu anaitwa Omari Kinjala na kibuyu cha maji wanaacha mbinu zao zote, inauma. Bibi yangu alikuwa anasema ile njaa ya fugufugu iliyofuata watu walikula mizizi mpaka ikaisha porini. So sioni kosa mtu akisema walidanganywa.

#5

> Kwake yeye ni njama za waganga, ushirikina

Swali dogo, kwanini kila mara dini za wenzetu zinaitwa imani na za kwetu zinaitwa ushirikina? Au nikae kimya?

#6

Mkae mkijua baada ya maji kushindwa ndo watu walifunguka macho wakampokea Kristo. Mungu ana njia zake. Ile misheni ya Peramiho leo ni nini? Hospitali, shule, abasia. Tuseme ukweli.

#7 Mleta uzi

Naanza na mtu wa Songea (#4) maana kaleta kitu cha maana.

Mkuu pole, na wala siwezi kubishana na bibi yako. Ila angalia hili. Sio kila aliyeletewa maji aliyanywa. Chifu Kiwanga kule Kilombero alikaa upande wa Wajerumani. Wahehe hawakuingia, na hao walikuwa wamempoteza Mkwawa 1898 tu, wana kila sababu ya kulipiza. Hapo Ungoni kwenyewe kulikuwa na watawala wawili, Mputa kusini na Chabruma kaskazini, kila mmoja na hesabu zake. Ingekuwa ni upumbavu wa kuamini kila kinachokuja na kibuyu basi wote wangeingia. Walioingia walikuwa na kesi zao na Mjerumani tayari, kodi, viboko, kunyang'anywa watumwa na mateka waliokuwa ndo nguvu ya watawala wa Kingoni, kudharauliwa wakubwa mbele ya askari. Hii ndo hoja ya kundi la tatu la wasomi, nakuja.

Kundi la tatu lilianza mapema kuwachokonoa wa Dar. 1970 Denoon na Kuper waliandika makala ya kejeli kabisa kwamba hawa ni wanahistoria wa taifa wanaotafuta taifa lenyewe. Yaani mnaiona TANU kila mahali mpaka kwenye dimbwi la Rufiji. Ranger alijibu kwa hasira mwaka uliofuata. Afu kuanzia miaka ya 90 wakaja wengine taratibu zaidi, wakaacha kuuliza "Majimaji ilikuwa nini" wakaanza kuuliza "Majimaji ilikuwa nini HAPA", kijiji hiki, bonde hili. Jamie Monson kwa kusini magharibi, Felicitas Becker kwa kusini mashariki, Thaddeus Sunseri. Mwaka 2010 Monson na James Giblin wakatoa kitabu cha pamoja chenye sura za maeneo tofauti na ukikisoma unajikuta unajiuliza kama kweli ilikuwa vita moja.

Ya Sunseri naipenda sana. Anakumbusha kwamba Wajerumani waliminya uwindaji, sheria za wanyama na misitu, wanaume nao wanachukuliwa kwenda kufanya kazi. Sasa nani anafukuza nguruwe pori shambani? Nguruwe wanakula mazao, njaa inabisha hodi, mzigo wote kabaki nao mwanamke. Na hii inaelewana na kitu ambacho maafisa wa Kijerumani wenyewe waliambiwa kabla ya vita walipouliza hawa watu wanaenda wapi makundi kwa makundi: wakajibiwa wanafuata dawa ya shamba, ya mavuno, ya kuzuia nguruwe. Wanahistoria wa kwanza waliona hilo jibu ni geresha ya kumficha mzungu. Sunseri anasema jamani, mbona hamuwaamini? Inawezekana ilikuwa kweli ni dawa ya shamba.

Na ukiangalia mazingira ya dini yenyewe inakaa. Kule Uluguru kulikuwa na Kolelo, mzimu wa nyoka, watu wanaenda toka mbali kuomba mvua. Pale Rufiji kuna Bokero, ni mambo hayo hayo ya mvua na rutuba. Hongo wa Kinjikitile anatoka kwenye ukoo huo huo. Maji, mtama, mbarika, wapiganaji wanajifunga mabua ya mtama kichwani. Hivi ni vitu vya mkulima, hakuna hata kimoja cha chuma hapo.

#8

Aaah hapo kwenye nguruwe umeniamsha. Kwahiyo maji yalianza kama dawa ya mazao ikageuka ya risasi?

#9 Mleta uzi

Wapo wanaosema hivyo, wapo wanaosema vyote viwili vilikuwa pamoja toka mwanzo kwa sababu kwa mtu wa wakati ule pamba ya akida, nguruwe, kodi na ukame ni fungu moja la balaa, nchi imeharibika, itengenezwe. Mimi niko hapo. Kutenganisha uchumi na dini ni tabia ya sisi tuliosoma masomo kwa vipindi, saa mbili historia, saa tatu dini, saa nne jiografia.

#5 usikae kimya. Unachouliza ndo kitu Okot p'Bitek, mwandishi wa Uganda, alikipigia kelele 1970, kwamba wasomi wa Magharibi na hata baadhi ya Waafrika wenzetu kina Mbiti (yeye alitoa kitabu chake kikubwa 1969) walizivisha dini za Kiafrika kanzu ya Kikristo ili zionekane za heshima. Mbiti alikuwa padre wa Kianglikana, nia njema kabisa, ila p'Bitek hakumwacha. Ule ugomvi unahitaji uzi wake.

Ila twende kwenye "risasi kugeuka maji". Dawa zote hizi zina masharti. Usilale na mwanamke, usipore mali ya mtu vitani, usigeuke nyuma. Kwahiyo dawa ikishindwa, mtu wa kwanza kuulizwa ni wewe, ulivunja sharti gani? Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alieleza kitu hiki hiki kwa Waazande wa Sudan (leo Sudan Kusini) kwenye kitabu chake cha 1937, ghala limeangukia watu, Mzande anajua fika kwamba mchwa wamekula nguzo, hajashindwa kuona mchwa, ila anauliza kwanini liwaangukie hawa, saa hii. Ni swali la pili juu ya lile la kwanza. Mtu aliyekuwa Mahenge 30 Agosti 1905 alijua risasi inaua, alishawahi kuona. Swali lake lilikuwa la kwake mwenyewe, mimi na wenzangu leo tumelindwa au hatujalindwa.

Na pale Mahenge ndo kipimo. Maelfu wanaikabili boma, Wajerumani wana bombomu (bunduki za kumimina risasi) mbili, safu ya mbele inaanguka yote. Mashuhuda wa upande wa boma wanaeleza maiti zilivyolala. Baada ya hapo wengi kweli wakakata tamaa na dawa. Lakini vita haikuisha! Ikageuka ya msituni. Abdalla Mapanda wa upande wa Liwale aliendelea kuwasumbua mpaka alipouawa Januari 1907, karibu mwaka na nusu baada ya Mahenge. Huyu alikuwa anapigana kwa maji gani?

#10

> Huyu alikuwa anapigana kwa maji gani?

🤣🤣 hapo mwenye comment yake aje ajibu.

Ila mkuu nimeona kitu, Omari Kinjala, Abdalla Mapanda, sijui Selemani Mamba. Hayo majina ni ya Kiislamu. Kwenye vita ya mizimu?

#11 Mleta uzi

Umeona vizuri. Jina peke yake halithibitishi kwamba mtu anaswali, ila kule nyuma ya Kilwa na Lindi Uislamu ulikuwa umeshaingia kwa biashara, kwa ndoa, kwa mavazi, na mtu hakuona tabu kuwa na jina la Abdalla na kuwa na mzimu wa babu yake. Hiki ndo kinawasumbua watafiti wanaokuja na fomu yenye vibox vitatu, Muislamu, Mkristo, dini ya jadi.

Ndo inanipeleka kwa #6. Ndugu yangu, Peramiho ilichomwa vita ikiwa mbichi, na Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa na wenzake karibu na Liwale Agosti 1905, kwahiyo gharama waliilipa, sibezi. Na ni kweli wapo walionyongwa Songea wakiwa wamebatizwa muda mfupi kabla. Ila "maji yalishindwa watu wakaokoka" haitoshi. Mwanaanthropolojia Robin Horton alileta mwaka 1971 maelezo yanayofanana kidogo na yako ila bila Roho Mtakatifu: dunia ya mtu ikiwa ndogo, mizimu ya kijiji inatosha kuieleza, dunia ikipanuka, biashara, serikali, barabara, anahitaji Mungu wa eneo kubwa zaidi. Humphrey Fisher akampinga 1973 akasema unazifanya hizi dini mbili kubwa zionekane kama zilikuja kukuta mlango uko wazi tayari, wakati zenyewe zina nguvu na watu wake na vitabu vyake.

Kusini kwetu kuna kitu kinachowatatiza wote. Baada ya vita Ukristo ulikua Ungoni, sawa, misheni ina shule na kuna njaa. Lakini Uislamu nao ulikua sana vijijini Lindi na kwingineko, na huo hauna misheni, hauna hospitali, hauna gavana nyuma yake. 1908 Wajerumani walitetemeka kwa barua tu, ile inayoitwa barua ya Maka, iliyosambazwa misikitini ikihimiza watu watubu dunia inaisha, wakadhani Majimaji ya pili hiyo inakuja. Na miaka ya 20, utawala wa Mwingereza sasa, waganga wa kuondoa uchawi wanazunguka kusini kijiji hadi kijiji, wanawapa watu dawa, wanakijiji wote wanakunywa pamoja. Sasa niambie maji yalishindwa wapi. Yalishindwa mbele ya bombomu, hilo halina ubishi. Kwenye kazi yake ya kutengeneza kijiji kilichoharibika yaliendelea.

#12

Mimi bado niko na #4. Mnaongea lugha tamu ila waliokufa walikufa. Serikali ya Mjerumani ilisema 75,000, Gwassa anasema 250,000 mpaka 300,000. Unaelezaje hiyo idadi kwa nguruwe na Weber?

#13 Mleta uzi

Siielezi kwa Weber, naieleza kwa kiberiti. Wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa na njaa ile ilipangwa. Kapteni von Wangenheim alishauri wazi kabisa kwamba njaa na ufukara ndivyo vitawafanya watu wasalimu amri, mapigano peke yake hayatoshi, na Götzen akakubali. Ghala zikachomwa, mashamba yakachomwa, mbegu zikachukuliwa, vijiji vikahamwa, pori likarudi na mbung'o. Sehemu ya ile ardhi ndo baadae ikawa pori la akiba la Selous, watalii wanapiga picha. Sasa mtu akija na habari ya "waliamini maji wakafa" anamsamehe aliyechoma ghala. Hii ndo sababu nimeandika kurasa zote hizi, na nitaendelea kuwa mkali hapo.

#14

Mkuu ngoja nikubane na mimi, maana uzi mzima umemtegemea Gwassa. Wazee wale walihojiwa miaka ya 60, vita ilikuwa 1905. Kati hapo pamepita Mwingereza, TANU, uhuru, shule. Uhakika gani kwamba hawakusimulia Majimaji ile ambayo kijana wa chuo alikuja kuitafuta?

#15 Mleta uzi

Swali la kitaalamu hili, heshima yako. Mwanahistoria Marcia Wright aliliuliza 1995, akaonyesha kwamba ule unabii, ile picha ya nabii mmoja aliyetoka majini na ujumbe mmoja kwa watu wote, inaonekana imekaa sawa sana kwenye masimulizi ya baadae kuliko kwenye karatasi za 1905. Na katikati hapo kuna tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969 ambayo wengi wetu ndo tuliisoma shuleni, tumemjua "Kinjeketile" mwenye wasiwasi, aliyenaswa na neno lake mwenyewe. Hussein alisema wazi kuwa yule ni wa jukwaani, ila nani anasoma utangulizi? Leo ukimuuliza mtu wa miaka 40 akusimulie Kinjikitile nusu ya atakachokwambia kinatoka kwa Hussein.

Ila siwezi kutupa masimulizi yote. Ukiyasoma yale ya wanafunzi wa 1968 hayafanani, huyu anasema tulilazimishwa, yule anasema tulikimbilia wenyewe, mwingine anasema kijijini kwetu maji yaliletwa lakini jumbe akayamwaga. Kama wote wangekuwa wanamfurahisha kijana wa chuo wangesema kitu kimoja. Pale wanapopishana ndo naamini zaidi. Karatasi za Mjerumani nazo ziliandikwa na mtu mwenye bunduki akimhoji mtu aliyefungwa, mbona hizo hatuzishuku kihivyo?

#16

#4 hapa tena. Sawa mkuu, kwenye ghala nimekuelewa, bibi alikuwa anataja moto kabla ya kutaja njaa sikuwahi kuunganisha. Rais wa Ujerumani alivyokuja Songea Novemba 2023 kuomba radhi nilikuwepo pale nje, wazee walikuwa wanaulizia fuvu la Nduna Songea. Kuna mama mdogo wa bibi bado yupo hai kijijini, anayakumbuka aliyosimuliwa na wakubwa zake.

#17 Mleta uzi

Mkuu usilale. Nenda na simu urekodi, na usimuulize kuhusu Kinjikitile kabisa, utampa jibu mdomoni. Muulize kwao nani alichoma, walikimbilia upande gani, walikula nini, nani aliwapa mbegu za kwanza baada ya fugufugu, na wa kwanza kubatizwa au kusilimu kwenye ukoo alikuwa nani na mwaka gani. Afu uje uandike hapa hapa kama alivyosema, usinyooshe sentensi zake.

#18

Na kama atasema walidanganywa na mganga?

#19 Mleta uzi

Aandike hivyo hivyo. Tutamuuliza anamaanisha mganga yupi, maana Ungoni hakufika Kinjikitile.